Kikuza Sauti cha Baba

Wataalamu wa lugha hukiita chombo hiki kikuza sauti. Mafundi wa Kariakoo na wa Mbinga mjini huiita amplifaya. Jina la kwanza lina adabu ya kitabu, na la pili lina vumbi la kazi, nami nitayatumia yote mawili kadiri kalamu itakavyopenda. Habari ninayotaka kueleza ni ya kimoja tu katika vyombo hivyo, ambacho nilikinunua Dar es Salaam nikakisafirisha kwa basi, kimefungwa blanketi juu ya magoti yangu, mwendo wa kilomita elfu moja hivi, mpaka nyumbani kwa Baba, Mpepai, katika nchi ya Mbinga. Kilikuwa cha namna mpya: amplifaya ya stereo iwezayo kuuchukua muziki katika mtandao yenyewe, pasipo sahani, pasipo kaseti, wala redio. Nilidhani nampelekea Baba muziki wote wa dunia. Jinsi dhana hiyo ilivyonigeuka ndiyo sababu ya kuandika.

Baba ni mtu wa redio. Alikuwa mtoto mdogo Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza, mwaka 1951, na katika siku zake za kwanza sauti hiyo haikusikika mbali na mji wenyewe. Alipofikia umri wa kupalilia kahawa yake mwenyewe, chombo hicho kilikuwa kimekwisha kupata jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, mwaka 1965, na maneno yake yalipanda hata milima ya Umatengo. Redio yake ya kwanza aliinunua kwa fedha za kahawa. Hakuiweka chumbani, bali aliipeleka kwenye sengu. Kwa msomaji asiyetoka kwetu napenda kueleza kwamba sengu ni desturi ya Wamatengo, ambayo wanaume wa ukoo walikula pamoja mahali pamoja, na chakula kilipokwisha, habari za mashamba, ndoa na ugomvi zilisemwa papo hapo mbele ya wazee. Redio ikakaa kati yao kama mzee mmoja zaidi, msemaji hodari asiyesikia la mtu. Kwa kinywa chake walimjua Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka ule ule wa 1965. Wakawajua Nuta Jazz. Wakamjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye kifo chake cha mwaka 1979 Baba hukitaja hata leo kama msiba wa jirani.

Katika miaka ya 1980 redio hiyo ilikufa, na Baba akanunua redio kaseti. Kaseti ilibuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi, ikatolewa mwaka 1963, na kwa watu wa hali yetu ilileta jambo kubwa kuliko redio yenyewe, kwa maana yule msemaji asiyesikia sasa alipata masikio. Ulibonyeza vitufe viwili pamoja, utepe ukapita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde, na neno lililosemwa uani pako likakaa. Mwaka 1987, baada ya mavuno, Baba aliiweka redio yake juu ya kinu kilichopinduliwa akanasa ngoma ya mganda iliyochezwa karibu na nyumba yetu.

Mganda ni ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, wa kando zote mbili, nayo ilipanda mpaka milimani. Walioianzisha waliiga gwaride na bendi za askari wa wakoloni, wakapeana vyeo vya kijeshi, na badala ya tarumbeta wakaimba ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ambavyo hutoa sauti ya kukoroma na kutetema kifuani mwa msikilizaji. Wanawake siku hiyo walicheza kioda. Mama yangu alikuwamo uwanjani. Upande mmoja tu wa kaseti ulijazwa, dakika 30 au pungufu kidogo. Mama alifariki mwaka 1994, na picha yake iliyobaki ni moja, ndogo, ya pasipoti, ambayo alipigwa akiwa amemkasirikia mpiga picha.

Baba aliicheza kaseti ile miaka mingi hata sauti ikawa kama ya mtu asemaye akiwa amejifunika mto usoni. Ndipo akaacha, kwa kuogopa utepe usikatike, akaifunga katika kitambaa akaiweka sandukuni. Nami nilipoona masikio yake yanapungua, na redio kaseti yenyewe inatoa mkwaruzo zaidi ya maneno, nilimhurumia. Nikasema moyoni kwamba mzee huyu hawezi kuishi kwa upande mmoja wa kaseti, tena asiouthubutu kuucheza.

Lazima niseme kidogo juu ya chombo chenyewe, kwa sababu kisa chote kimo katika maumbile yake. Ndani ya sanduku lile mna mashine mbili zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza ni kikuza sauti hasa. Kazi yake ni kupokea mtetemo dhaifu wa umeme na kuutoa ukiwa na umbo lile lile, lakini kwa nguvu za kutosha kuusukuma uso wa spika. Nguvu hizo hutoka katika umeme wa ukutani. Mtetemo mdogo ni kama mkono wa mtoto ufunguao lango la mfereji mkubwa. Lee de Forest aliunda taa yake ya vipande vitatu mwaka 1906, ambayo baadaye ilikuza sauti za redio za kwanza, na mwaka 1947 transista ikapatikana Marekani, ikaurithi ufalme huo. Kikuza sauti chema hakiongezi neno wala hakipunguzi. Sikio nalo lina kiburi chake: ili lione kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu haina budi kuongezwa kadiri ya mara kumi. Wauzaji wa Kariakoo wanaotaja wati kwa kelele hawalisemi hilo.

Mashine ya pili ni mgeni aliyehamia hivi karibuni. Huyu hupeleka ombi kwa njia ya mtandao kwenye kompyuta iliyo mbali, pengine Ulaya, na kompyuta ile humrudishia wimbo katika hali ya namba. Katika kipimo cha sahani za CD, kila sikio hupewa namba 44,100 kwa sekunde moja. Saa nzima ya muziki huo ni megabaiti 635, na ukikubali wimbo uminywe kidogo, kama wengi tunavyokubali pasipo kujua, hushuka hata megabaiti 144. Mgeni huyo huzigeuza namba kuwa mtetemo, akamkabidhi mwenyeji, na mwenyeji akaukuza. Simu uishikayo mkononi si mwimbaji, ni fimbo ya kuelekezea tu.

Umeme ulikuwapo. Zamani Mbinga iliwaka kwa mitambo ya dizeli na ilizimika kwa mitambo hiyo hiyo, lakini tangu mwaka 2018, njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipofika Songea, mambo yamekuwa nafuu. Nilizisimamisha spika mbili sebuleni, moja chini ya picha ya Bikira Maria na moja karibu na mlango, nikaunganisha nyaya, nikaiunganisha amplifaya na mtandao kwa simu yangu. Majirani walikuja. Mtu mmoja akamtaka Mbaraka Mwinshehe, na kabla hajakaa vizuri juu ya benchi, Mbaraka alikuwa anaimba. Walicheka kwa furaha kama watoto. Kijana akamtaka Diamond Platnumz, akapewa. Katekista akataka kwaya ya Songea, ikapatikana. Nami nilisimama katikati ya chumba na simu mkononi, mwenye kugawa, na nakiri kwamba nilijiona mkubwa.

Kisha mzee mmoja, rafiki ya Baba, aliyekuwa mpiga ngoma kubwa katika mganda wa Mpepai, akauliza kwa upole kama chombo kinaweza kutoa mganda. Nikaandika neno hilo. Ikaja ngoma ya ng'ambo ya ziwa, ya Malawi, safi, yenye vibuyu na ngoma zinazojulikana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa kufuata mapigo. Akasema, "Hawa ni ndugu zetu, na wanapiga vizuri. Basi sasa tuwekee sisi." Nikamweleza kwamba sisi hatumo. Akaniuliza, "Tulitolewa, au hatukuingizwa?" Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule, na swali lake limenisumbua kuliko maswali mengi niliyoulizwa darasani.

Kesho yake asubuhi nilitoka kwenda kumwamkia shangazi yangu. Sikufika hata penye migomba ya jirani nikasikia muziki nyuma yangu umekatika. Nilirudi mbio, nikidhani chombo kimeungua, na nilipovuka kizingiti muziki ukaanza tena. Baba alikuwa ameketi, amenyamaza, ananitazama mfuko.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani umeniletea chombo. Kumbe umeniletea spika, na chombo unacho wewe mfukoni."

Nilimnunulia kifaa kidogo cha intaneti chenye laini yake, nikawa nalipia bando kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda wa miaka miwili, kwa kusuasua: bando lilikwisha katikati ya wimbo, mvua iliondoa mtandao, wajukuu walilimaliza kwa sinema. Halafu kampuni iliyounda chombo ilitangaza kwa barua ya Kiingereza, iliyofika katika simu yangu, kwamba programu ya kukiendesha imebadilishwa na kwamba vyombo vya umri wa kile chetu havitatumika nayo. Hakikuharibika kitu. Hakuna waya uliokatika wala taa iliyozimika. Mgeni yule wa nyumbani aliitwa na bwana wake wa mbali, akaondoka. Nilipopiga simu kwa fundi wa Kariakoo, alinicheka kidogo akasema kwamba amplifaya ni nzima kabisa, ila haina la kusema.

Nilikwenda Mpepai likizo iliyofuata kwa aibu. Nilikigeuza chombo kukitazama mgongo wake, na hapo nikaona yale matundu mawili ya pembeni, jekundu na jeupe, ambayo sikuwahi kuyajali, kwa kuwa niliyahesabu kama mabaki ya ushamba wa zamani. Matundu yale hayamwombi mtu ruhusa. Mbinga mjini nilipata deki ya kaseti iliyotumika, nikaisafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikaiunganisha. Kisha nikamwomba Baba lile sanduku.

Alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alilitoa mwenyewe.

Stereo ni ufundi wa kuyadanganya masikio mawili kwa adabu. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, na sahani zake zilienea madukani mwaka 1958. Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kidogo, na akili, pasipo kutuuliza, hupima tofauti hiyo ikasema mwimbaji yuko wapi. Lakini kaseti ya Baba ilinaswa kwa maikrofoni moja. Sauti kama hiyo ikipita katika spika mbili, zote mbili hutoa jambo lile lile kwa wakati ule ule, na akili ikikosa tofauti ya kupima, humweka mwimbaji katikati, hewani, mahali pasipo na spika. Nyimbo nyingi za ujana wa Baba zilikuwa za namna hiyo. Nilikuwa nimeyajua hayo kwa kuyasoma tu.

Ngoma kubwa ilipopigwa, ukuta ulijibu. Spika ndogo ya redio kaseti haikuweza kamwe kuitoa sauti nene kama ile, ilhali utepe uliitunza miaka yote. Mzee mpiga ngoma, ambaye tulimwita, alifumba macho. Vibuyu vikaingia. Nikasikia mbuzi, nikasikia mtoto analia, na Baba akanionyesha kwa kidole kwamba huyo ni mimi. Kisha, karibu na mwisho, palipokuwa siku zote na mkwaruzo tu, ikatoka sauti ya mwanamke aliye karibu sana na redio, na sauti hiyo ilisimama katikati ya chumba, kati ya Bikira Maria na mlango, kimo cha mtu. Alimwita Baba kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi, akamwambia kwa Kimatengo maneno ambayo maana yake ni hii: "Izime mashine hiyo, betri zitakwisha."

Hakuna aliyesema neno. Baba ndiye aliyevunja kimya. "Na kweli zilikwisha," akasema.

Alisema kweli zaidi ya alivyojua. Dakika chache baada ya maneno hayo, katika kaseti ile, ngoma huanza kwenda mbio na sauti za watu wazima huwa nyembamba kama za watoto. Baba alizoea kueleza kwamba wachezaji walipandwa na mori. Lakini betri zikidhoofika wakati wa kunasa, utepe hupita polepole. Na ukija kuchezwa kwa mwendo wake wa kawaida, kila kitu huharakishwa. Mama aliona taa ya redio inafifia. Nilimweleza Baba jambo hilo, kisha nikajuta, kwa sababu mori wa wachezaji ulikuwa mali yake.

Hapo likazuka shauri. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alitaka kaseti ile inakiliwe na kupandishwa katika mtandao mara moja, ili yule mzee asiulize tena kama tulitolewa au hatukuingizwa. Nami nilimwunga mkono. Nilifikiri juu ya Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake akinasa ngoma, na sauti alizozipata zikaenda kutunzwa Afrika Kusini. Nilifikiri juu ya tepu za Radio Tanzania zilizolala makabatini. Nikasema kwamba sauti isiyonakiliwa huoza. Kwa upande wa namba si mzigo: dakika 30 za sauti moja, katika kipimo kile kile cha CD, hazizidi megabaiti 159.

Wazee waliobaki katika mganda ule walikuwa watatu. Baba aliwaita, wakala pamoja kwanza, kama ilivyokuwa zamani kwenye sengu, kisha wakasikiliza upande mzima mara mbili. Walikuwa makini kuliko baraza la chuo. Wakatukumbusha jambo ambalo mimi na mpwa wangu tulikuwa hatuna habari nalo: kwamba nyimbo mbili kati ya zile tano zilitungwa kuwasuta wapinzani wa kijiji kingine, kwa kutaja mtu na deni lake, na kwamba mtu huyo amefariki lakini watoto wake ni wazima na mmoja amemwoa binti wa mmoja wao. Wimbo wa kusuta, walisema, una siku yake na uwanja wake. Aliyesutwa alikuwapo, akajibu kwa wimbo wake, mambo yakaisha. Mtandaoni hatakuwapo wa kumjibia. Mpwa wangu alisema kwamba huko ndiko kuua historia. Mzee mpiga ngoma akamwambia kwamba historia anayo yeye kichwani, na aje aiulize.

Sidhani walikuwa na haki kabisa. Vichwa vitatu vya watu wenye miaka 80 ni maktaba yenye paa bovu. Lakini siwezi kusema kwamba hawakuwa na haki, maana katika kampuni zote zilizowahi kuninunuza wimbo, hakuna hata moja iliyokaa kula na mtu kabla ya kuuliza wimbo huo unamhusu nani. Tulikubaliana hivi: nyimbo tatu zipandishwe, na jina la Mpepai liandikwe pamoja na majina ya wachezaji wote waliokumbukwa, mbili za kusuta zinakiliwe na kubaki nyumbani. Maneno ya Mama hayakujadiliwa na wazee. Yalikuwa katikati ya wimbo mmoja katika ile mitatu, nami nilipomwuliza Baba kama yakatwe, alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Huyo hakuwa anaimba." Nikayakata katika nakala ya mtandaoni. Ukiusikia wimbo huo sasa, kuna mahali ngoma inaruka kidogo, na msikilizaji asiyejua atadhani mpigaji alikosea. Mzee alininung'unikia kwa hilo, nami nimemwomba radhi.

Nakala nzima imo katika flashi, nyuma ya amplifaya, nayo huchezwa kwa rimoti bila mtandao wa mtu yeyote. Kaseti yenyewe imerudi sandukuni. Siku hizi Baba ana kigoda chake, akiwekacho palepale kati ya spika mbili, hatua tatu kutoka ukutani. Alipatafuta mwenyewe kwa kusogea sogea, hakufundishwa. Jioni, baada ya kula, huucheza mganda. Huusikiliza kutoka mwanzo, mkono wake ukipiga goti. Hata siku moja hajafika pale ngoma inapoanza kwenda mbio. Mama akisha kusema maneno yake, Baba huinuka polepole akaenda kuizima.